Kuachia Upote: Habari za Kidole, Pete na Kifyatuo

Katika sanaa ya upinde yako mambo mengi yanayosifiwa na moja lisilosifiwa. Watu husifu mti uliochongwa ukawa upinde, wano lililonyooka, manyoya yaliyofungwa vizuri, chembe kali, jicho la mpigaji na nguvu za mkono wake. Tendo la mwisho, la kuuachia upote, yaani ule ugwe wa upinde, aghalabu hupita bila kutajwa, yamkini kwa kuwa ni fupi mno hata jicho haliwezi kulikamata. Walakini hilo ndilo tendo linalopoteza mishale mingi. Mtu aweza kusimama sawasawa, akavuta sawasawa, akalenga sawasawa, na vidole vyake vikamsaliti kwa kufumba na kufumbua. Nataka kueleza hapa jinsi binadamu alivyopambana na usaliti huo tangu kale, na jinsi mapambano hayo yalivyomfikisha mwindaji wa Marekani wa siku hizi mbele ya meza ya duka, akipima kiganjani vifaa vidogo vya chuma, kimoja baada ya kimoja, asijue achague kipi.

Mtu aliyelitia jambo hili katika mpango wa elimu hakuwa askari wala mwindaji. Edward S. Morse alikuwa Mmarekani, bingwa wa elimu ya wanyama wenye makombe, aliyekwenda Japani mwaka 1877 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Mwaka 1885 alichapisha mjini Salem, katika jimbo la Massachusetts, makala juu ya njia za kale na za wakati wake za kuachia mshale. Alikuwa ametazama mikono ya watu walio hai, sanamu za Waashuri, michoro ya Misri na vyombo vya Wayunani, akauliza swali moja tu: vidole viko wapi? Akapata njia kuu tano. Katika ya kwanza, mkia wa mshale hubanwa baina ya gumba na kidole cha shahada kilichokunjwa, kama mtu ashikavyo ufunguo. Katika ya pili mshiko ni ule ule, bali ncha za vidole vinavyofuata husaidia kuvuta upote. Katika ya tatu kidole cha shahada chenyewe hunyooka kidogo, ncha yake ikakaa juu ya upote pamoja na wenzake. Ya nne aliiita ya Mediterania: upote huvutwa kwa vidole viwili au vitatu, na gumba halina kazi. Ya tano, aliyoipa jina la Wamongolia, ni kinyume cha hiyo: gumba ndilo livutalo, nacho kidole cha shahada hulifunga kwa juu kama komeo.

Hesabu hiyo ya kwanza, pili na tatu yaweza kumfanya msomaji adhani kwamba mbele yake ipo ngazi, na kwamba mtu wa chini yake hajajua bado kupanda. Mimi sioni ngazi hapo. Mshiko wa kwanza hauwezi upinde mzito, kwa maana mkia wa mshale huponyoka kabla upinde haujajaa. Lakini kwa upinde mwepesi huachia upesi mno, pasipo kuukwaruza upote. Vidole vitatu vya Mediterania hushika kwa imara, na kwa sababu ya uimara huo huo huachia kwa shida: upote huburura juu ya nyama ya vidole, ukasukumwa upande, na mshale huondoka ukitikisika kama nyoka. Kila njia ni suluhu baina ya kushika na kuachia, na kila suluhu ina hasara ya upande mmoja. Historia yote inayofuata ni historia ya kujaribu kuipunguza hasara hiyo.

Watu wa Asia walianza mapema. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding wa ukoo wa Shang, lilifukuliwa huko Anyang, nchini China, mwaka 1976, na miongoni mwa vitu vya thamani vilivyozikwa naye yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo imo pete ya gumba iliyochongwa kwa jiwe la jedi, nayo ina mfuo wa kukalia upote. Si pete ya urembo tu. Gumba likivuta upote mwembamba wenye nguvu nyingi huumia, pete hulikinga. Lakini kinga ni nusu ya faida yake. Nusu ya pili ni kwamba jiwe, pembe au mfupa uliong'arishwa una ukingo mmoja mgumu na laini, na upote huteleza juu yake upesi kuliko juu ya ngozi ya mtu. Basi kifaa cha kuachilia mshale kina umri wa miaka elfu tatu na ushei. Kilienea kwa Waajemi, Waturuki na Wahindi, na kilipofika kwa wafalme kikawa kito: ile pete ya gumba ya jedi nyeupe ya Shah Jahan, aliyeitawala India tangu 1628 hata 1658, imo katika Jumba la Victoria na Albert mjini London.

Waandishi wa Kiislamu waliieleza njia ya gumba kwa hesabu, nami nalipenda elezo hili kuliko michoro yote. Zamani wafanya biashara walikuwa na namna ya kuhesabu kwa vidole, na kila tarakimu ilikuwa na umbo lake la mkono. Vidole vitatu vya mwisho vikikunjwa kiganjani, hiyo ni tatu. Gumba likiinama na shahada ikija juu yake, hiyo ni sitini. Kwa hiyo mwalimu wa upinde hakuwa na haja ya maneno mengi. Alimwambia mwanafunzi afunge sitini na tatu, na mkono ukawa tayari. Katika karne ya 14 Taybugha, Mmamluki wa Sham, alitunga shairi la mafunzo ya upinde akalitia sherehe, yaani maelezo ya kila fungu. Latham na Paterson walilitoa kwa Kiingereza mwaka 1970. Wasomaji wa Kiswahili hawatastaajabu kuona elimu ya mkono ikiwekwa katika beti ili ikae kichwani.

Wazungu walibaki na vidole vyao. Waingereza walivaa glavu au kipande cha ngozi, wakavuta pinde ambazo sasa twajua uzito wake, kwa sababu merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na pinde zaidi ya 130, nyingi zikikadiriwa kupita ratili 100. Mwaka ule ule wa 1545 Roger Ascham alitoa kitabu chake Toxophilus, akaigawa kazi ya mpigaji katika sehemu tano: kusimama, kupachika mshale, kuvuta, kushikilia na kuachia. Kuhusu hili la mwisho alitaka mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi, yaani kuachia kuwe kwa upesi na kuwe kwa ulaini. Mwenye kuachia polepole humnyima mshale nguvu zake, na mwenye kuachia kwa pupa huupotosha. Ascham hakuwa na dawa ila mazoezi.

Habari hizo zingelikuwa za makavazi tu lau upinde haungalifufuka Marekani katika karne ya 20. Mwezi wa Agosti 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, wa mwisho wa watu wake, alitokea karibu na mji wa Oroville, California, akiwa na njaa na upweke. Wataalamu wa chuo kikuu walimpa jina la Ishi, maana yake mtu kwa lugha yake, kwa kuwa mila ilimkataza kulitaja jina lake mwenyewe. Daktari wake, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake. Pope aliandika jinsi Ishi alivyoachia: gumba lililokunjwa chini ya mshale lilivuta upote, na ncha ya kidole cha kati ikakaa juu ya ukucha wa gumba. Njia hiyo ilikuwa jamaa ya ile ya Wamongolia, bila pete. Ishi alifariki mwezi wa Machi 1916. Pope alijifunza mengi kwake, subira na unyemeleaji na uundaji wa mishale, lakini mkononi alishika mtindo wa Kiingereza wa vidole vitatu, nao ndio uliorithiwa na wawindaji wa Marekani kwa njia ya kitabu chake cha mwaka 1923. Gumba la Ishi halikupata mrithi.

Hapa habari hii yagusa nchi zetu. Mwaka 1925 Pope na rafiki yake Arthur Young walifuatana na mwandishi Stewart Edward White hata Tanganyika, wakawinda simba kwa mishale, bunduki ya White ikiwa karibu. Wakati huo huo, upande wa Kenya, Waata, ambao jirani zao huwaita Waliangulu, walikuwa wakiwinda ndovu kwa pinde zilizozidi ratili 100 na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Mgeni alikuwa na leseni. Wenyeji, baada ya Mbuga ya Tsavo kuundwa mwaka 1948 na msako wa miaka ya 1956 na 1957, walipata gereza. Hilo ni shauri la insha nyingine, ila tofauti moja yahusu neno letu. Kwa Waata mshale huleta sumu. Ukipenya tu, sumu hufanya kazi iliyobaki. Pope na waliomfuata hawakutumia sumu. Chembe yao pana yenye makali huua kwa kumwaga damu, nayo haina budi kupita katika mapafu au moyo, mahali pasipozidi upana wa sahani. Mshale ukienda kando kwa shibiri moja, mnyama hukimbia na chuma tumboni, akafa kesho au keshokutwa mahali asipoonekana. Basi kwa mwindaji wa namna hii kosa la kidole si pointi iliyopotea shabahani.

Mabadiliko makubwa yalitoka Missouri. Holless Wilbur Allen aliomba hataza mwaka 1966, akaipata Desemba 1969, kwa upinde wenye kapi katika ncha zake, mfano wa zile kapi ambazo mabaharia wetu hutwekea tanga. Kapi hizo hazikuwekwa sawa kwenye mhimili. Zimeinama upande, na zinapozunguka uzito huongezeka kisha hupungua mwishoni. Upinde wa kapi wa siku hizi wenye ratili 70, ukishajaa, hupunguza kama asilimia 80 ya uzito huo, na mwenye nao hushikilia ratili 14 tu. Kwa mara ya kwanza mwindaji akaweza kuvuta na kungoja.

Msomaji angedhani kwamba hapo vidole vilipata raha. Ndivyo sivyo. Vidole huachia vizuri vinapovutwa kwa nguvu. Uzito ukiwa mdogo, upote hauna haraka ya kuvitoka, na kila mtetemo wa vidole huingia mshaleni. Tena pinde hizi zimekuwa fupi mwaka hata mwaka, na upinde mfupi ukivutwa upote hufanya pembe kali inayovibana vidole pamoja na mkia wa mshale. Kwa hiyo kifyatuo cha mtambo hakikuja kama anasa. Kilikuja kwa kuwa upinde mpya uliukataa mkono wa zamani. Ni kitu chepesi kuelezwa: kitanzi kidogo cha uzi imara hufungwa katika upote nyuma ya mshale; ndoana au taya ya kifyatuo hukishika kitanzi; mtu huvuta kwa kifyatuo badala ya vidole; taya likifunguka, upote huenda moja kwa moja mbele.

Mabishano yakazuka, wala hayakuwa ya kijinga. Wapo waliosema kwamba huo si upinde tena. Vyama vya mashindano vililitatua shauri hilo kwa kutenga madaraja, wenye kifyatuo upande wao na wenye vidole upande wao. Mwaka 1995 mjini Jakarta upinde wa kapi ulipewa nafasi katika mashindano ya dunia ya shabaha, na mwaka 2025 ilikubaliwa kwamba jozi za mwanamume na mwanamke washindane kwa upinde huo katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Watetezi wa kifyatuo hupenda kuitaja pete ya gumba kuwa ndiyo babu yake. Nakubali nusu. Pete na kifyatuo vyote viwili humpa upote ukingo mgumu mahali pa nyama. Lakini pete haiachii kitu. Gumba ndilo linaloachia, na mwenye gumba hujua ni lini. Kifyatuo huachia chenyewe. Tofauti hii yaonekana ndogo, nami nadhani ndiyo kiini cha shida ya kuchagua.

Kwa maana adui wa pili alikuwa akingoja nyuma ya wa kwanza. Wapiga upinde wanaujua ugonjwa fulani, ambao twaweza kuuita kiwewe cha shabaha. Mtu huinua upinde, na alama ya kulengea ikikaribia kati ya shabaha, mkono huganda chini yake hausogei. Au huachia mara alama inapogusa, kabla hajataka, kana kwamba mtu mwingine ameamuru. Hodari hushikwa nao kama mwanafunzi, na pengine zaidi. Sababu yake ni kwamba nafsi imejifunza kuungoja mshindo, na kwa kuungoja huukimbilia. Vifyatuo vilivyoenea zaidi kwa wawindaji ni vile vya mkanda unaofungwa katika kifundo cha mkono, vyenye ulimi mmoja unaofyatuliwa kwa kidole cha shahada kama wa bunduki. Vina faida: havipotei, havianguki, na mtu huvielewa siku ile ile. Walakini kidole cha shahada ndicho kitumishi chepesi kuliko vyote vya mwili. Tumezoea kukituma kuashiria, kugonga, kubonyeza. Alama ikigusa, kidole hugonga. Ugonjwa uliokuwa wa vidole vitatu ukahamia katika kimoja.

Hapo ndipo watu walipogeukia kifyatuo cha kushikwa mkononi, kisicho na mkanda. Vidole vitatu au vinne hukizunguka, na kiganja hukaa kikielekea mbali na uso, vifundo vya vidole vikitulia dhidi ya mfupa wa taya. Aina zake ni tatu. Ya bawaba haina ulimi wowote. Ina kipande kinachozunguka, na mkono ukigeuka kidogo kwa kuvutwa na misuli ya mgongo, ndoana hufikia ukingo na kuachia. Ya mkazo hupangiwa uzito fulani juu ya ule unaoshikiliwa. Mtu huondoa kizuio, huzidisha kuvuta, na uzito ukitimia mshale huenda. Ya gumba ina kifimbo pembeni, ambacho gumba huzungushiwa, kisha bega na mgongo huvuta mpaka kifimbo kigandamizwe. Katika zote tatu shauri ni moja: kumnyang'anya mpigaji habari ya lini, ili asiweze kuikimbilia. Yeye atie nia ya kuvuta na kulenga. Muda wa kuachia umjie kama mgeni.

Kwenye uwanja wa shabaha hoja hiyo ni kamili. Msituni imetoboka. Kulungu wa mkia mweupe, ambaye ndiye huwindwa zaidi Marekani, hasimami kama karatasi. Hupita penye uwazi wa miti kwa hatua tatu, akatulia sekunde mbili, akainua kichwa. Mwenye bawaba asiyejua lini mshale utaondoka aweza kuuachia wakati mnyama amekwisha piga hatua. Na hata akiwa mbele ya mnyama aliyesimama yapo mambo ya mbio. Mshale wa mita 85 kwa sekunde hupita mita 27 kwa muda wa karibu sekunde 0.32, sauti ya upinde huufika masafa hayo kwa sekunde 0.08. Kulungu ana kama robo ya sekunde ya kusikia na kuinama kabla chembe haijafika. Mwindaji lazima ajue kuchagua wakati ambapo mnyama hana hofu, na kuchagua ni kutia nia. Hapo nadharia ya mgeni asiyetazamiwa hugongana na wajibu wa mtu kwa kiumbe anachokitoa roho.

Kwa sababu hiyo mimi, nikiulizwa, ningependelea cha gumba kwa uwindaji, na cha bawaba kwa mafunzo ya nyumbani. Cha gumba kina pande mbili: mwenye nidhamu hukitumia kama bawaba, akivuta kwa mgongo na gumba likiwa tuli, na haja ikitokea aweza kuharakisha kidogo pasipo kugonga. Mwenye kugonga kwa shahada atagonga kwa gumba vile vile, ikiwa hakupitia kwanza shule ya bawaba, miezi mingi, karibu na shabaha kubwa, macho yamefumbwa ikibidi. Cha mkazo ni mwalimu mzuri, ila uzito wake uliopangwa sebuleni hubadilika maana mtu akiwa amevaa koti nene, amekaa juu ya mti, amejipinda kiunoni.

Mambo madogo pia yana neno. Kifyatuo cha shaba ya manjano ni kizito na hutuliza mkono. Cha alumini hubebeka. Cha vidole vinne hugawa uzito vizuri kwa kiganja kipana, na chenye vidole vitatu humwezesha mtu kuhisi zaidi. Kisichofungwa mkononi huanguka, na chuma kinapogonga ngazi ya mti alfajiri, msitu wote husikia. Wengi hukitia kamba ya mkononi, au huchagua kile ambacho taya lake hufunga kabisa ili kining'inie katika kitanzi wakati wa kungoja. Baridi nayo ina sauti, kwa maana kidole kilichokufa ganzi hakijui kimegandamiza kiasi gani. Na mwenye kuhama kutoka mkanda hadi kifyatuo cha mkononi hana budi kuupima upya urefu wa kuvuta, la sivyo taya lake na mkono wake havitakutana mahali pale pale.

Liko jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nami naliweka mbele ya mengine yote: jinsi kifaa kinavyokubali kurudishwa. Upinde umekwisha jaa, kulungu amegeuka, tawi limekuja mbele ya bega lake. Sasa mtu hana budi kuurudisha upote polepole bila kuachia. Cha bawaba kisicho na kizuio huhitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa mkono ukigeuka wakati uzito unarudi, ndoana huponyoka na mshale huenda utakako. Cha gumba humruhusu mtu aondoe gumba nyuma ya kifimbo, alishushe upande wa pili, na kuutii uzito mpaka mwisho. Dukani hilo hujaribiwa kwa dakika moja, kwa upinde mwepesi wenye mshale uliopachikwa na shabaha mbele, mara kumi mfululizo, na mteja anayelijaribu ni mmoja mmoja.